Kiti cha Mama Mkwe

Tarehe 19 Agosti 1958 tulimzika mama mkwe wangu huko Nyahanga, Kahama. Aliugua majuma matatu. Mimi nilifika siku ya pili ya msiba, nikakaa walikokaa wakwe wa kiume, mbali na mlango, na wakati wa kuchimba kaburi nikashika jembe kama wengine. Alipokuwa hai sikuwahi kumtazama usoni, na alipolazwa ndani sikuingia kumuaga, kwa kuwa hairuhusiwi. Kwa hiyo mtu akiniuliza mama huyo alikuwa na sura gani, nitasema sijui. Wajukuu wanasema alikuwa na mwanya. Nawaamini.

Ninayoyajua mimi juu yake niliyapata mwaka 1951, ndani ya siku mbili, naye alikuwa nyuma yangu muda wote. Au niseme karibu muda wote.

Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Mkikutana njiani, mwanamume anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Hamli pamoja, hamtajani majina, hamgusani, na maneno hupitia kwa mtu wa tatu hata kama mmesimama hatua tano. Watu wa mjini waliotoka pwani walikuwa wakitucheka kwa hilo. Siwalaumu. Nasi tuliwacheka kwa mengine.

Wakati huo nilikuwa tarishi wa mgodi huko Geita. Shule niliishia darasa la nne, lakini jeshini, wakati wa vita, nilifundishwa kuendesha pikipiki, na ujuzi huo ndio ulionipatia kazi. Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu ya jeshi. Gurudumu la nyuma halikuwa na springi hata moja, na mahali pa abiria palikuwa na keria ya chuma iliyotengenezwa kubeba masanduku. Masanduku hayakuwahi kulalamika.

Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilifika mwezi wa nane, akapanda lori la pamba kwenda kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi, na mtoto akatutoka njiani kabla hajafika hata nusu ya safari. Mara hii mkunga wa zahanati alimkataza kupanda chombo chochote. Mke wangu hakubishana naye. Jioni aliniambia, "Basi mama aje. Mama akiwepo sitaogopa." Mwezi mzima ule hakuomba kitu kingine, hata chumvi aliacha kuniagiza.

Lakini ilikuwa masika. Malori yalikuwa yamesimama, na njia ya kuzunguka kwa basi mpaka Shinyanga, halafu Mwanza, halafu kivuko, ilikuwa ya watu wasio na haraka. Mkubwa wangu wa kazi alinipa ruhusa ya siku saba pamoja na pikipiki. Nilipoondoka kambini wenzangu walisimama barabarani kuniaga. Mmoja alisema anataka kuishi mpaka aone Msukuma akimbeba mama mkwe mgongoni kama gunia la karanga.

Nilifika Nyahanga siku ya pili mchana. Baba mkwe alisikiliza habari ya binti yake, akaingia ndani, akatoka. Alisema mama amekubali. Sikutegemea akubali upesi namna hiyo, na sikuwa nimefikiri atakaa wapi. Nikakunja gunia mara nne, nikalifunga juu ya keria, nikampeleka mpaka mtaa wa jirani, Nyasubi, na kurudi ili azoee. Aliposhuka nilitazama chini, kwa hiyo niliona visigino vyake tu vikielekea nyumbani, kimoja kikienda mbele ya kingine kwa uangalifu mkubwa, kama vya mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Baadaye baba mkwe alinikuta nikifuta matope.

"Mama yenu anasema atakwenda," alisema. "Anasema pia ile keria imemhesabu mifupa, na kwamba kuna mifupa miwili alikuwa hajui kama anayo."

Nikaenda Nyasubi kwa fundi wa magodoro. Alikuwa mtu mzima aliyetoka Pangani akiwa kijana, Mwislamu, mcheshi, na kibanda chake kilikuwa kimejaa sufi mpaka kwenye nyusi zake. Nilimweleza kwamba nataka kiti cha kumfikisha mtu Geita bila kuumia. Akataka kujua uzito wa mtu. Nikasema sijui. Akauliza kama ni mpana au mwembamba. Nikasema hilo pia sijui. Akaweka futi yake chini.

"Bwana tarishi," alisema, "unataka nimkatie kiti mtu ambaye hata wewe hujamwona. Nikate cha tembo au cha kuku?"

Nilimweleza desturi yetu. Alisikiliza yote bila kucheka, halafu akacheka yote kwa pamoja. Alisema kwao mama mkwe humwona mkwe wake kila siku na ndiyo maana wanagombana. Mwisho alipata wazo la maana: niende nikaombe kitu anachokalia kila siku. Baba mkwe alikuja nacho mwenyewe, isumbi ya jikoni, kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwa mti mmoja, na katikati palikuwa pamebonyea kwa miaka ya kukaliwa. Fundi alikipima kwa futi, akapitisha kiganja kwenye ule mbonyeo, akasema kwa heshima, "Huyu ni mtu wa kiasi. Anaegemea kidogo upande wa kulia." Baba mkwe akamwangalia kwa jicho ambalo lilinifanya nitoke nje.

Kiti kilichukua siku mbili, na siku mbili hizo nilizihesabu kwa sababu mke wangu naye alikuwa anahesabu. Kwanza tulikosea. Mimi nilitaka tujaze pamba, kwa kuwa ilikuwa imejaa kila nyumba, na fundi alinionya kuwa pamba ghafi hujikusanya. Sikusikia. Mjaribu wetu alikuwa mke wa fundi, mama mnene mwenye sauti, ambaye alijitolea kabla ya kuombwa. Mzunguko wa kwanza alisifu. Mzunguko wa tatu alisema ameketi juu ya viazi. Tulipofungua tukakuta pamba imekuwa mabonge magumu, na fundi akanipa tu bonge moja nilishike mpaka amalize kazi.

Mara ya pili alifanya anavyojua. Chini aliweka ubao aliouchonga mbonyeo ule ule wa isumbi. Juu ya ubao akapanga springi sita za kiti cha lori bovu, akazifunga kwa kamba zisilale upande. Juu ya springi akaweka mkeka wa katani ili zisichome, juu ya katani sufi aliyoichambua kwa vidole, na juu kabisa ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake. Manyoya aliyalaza yaelekee mbele, ili mtu akivutwa nyuma kwenye mlima yamzuie asiteleze. Nyuma aliweka egemeo, na upande wa kushoto ubao wa kukanyagia uliosimamishwa kwa minyororo miwili, kwa sababu mama angekaa upande. Mwisho fundi wa chuma akapinda bomba akalifunga kati ya kiti changu na cha abiria. Hilo lilikuwa la kushika, ili asinishike mimi.

Mke wa fundi alikijaribu kile cha pili, akazungushwa mara tatu, akaomba ya nne. Tuliporudi alikataa kushuka. Alimwambia mumewe kwamba miaka yote amelala kwenye godoro la mabua katika nyumba ya fundi wa magodoro, kumbe sufi ipo na springi zipo, zinangoja mkwe wa watu. Fundi alinitazama kama mtu niliyemletea ugonjwa nyumbani.

Yakabaki mambo mawili, na yote aliyaona baba mkwe. Alikuja kukagua asubuhi ya safari, akazunguka pikipiki, akasimama mbele ya kioo kidogo nilichokuwa nimekifunga kwenye usukani.

"Hiki kinaonyesha nini?"

"Kinaonyesha nyuma, baba."

"Nyuma kuna nani?"

Nikakifungua nikakitia mfukoni. La pili lilikuwa mawasiliano, kwa kuwa hatukuwa na mtu wa tatu na hapakuwa na mahali pa kumweka. Baba mkwe alifunga kikombe cha bati kwa kamba fupi kwenye egemeo. Mama akigonga mara moja kwenye madigadi, nisimame. Akigonga mara mbili, niende. Alituagiza jambo hili mara tatu, mimi nikiwa nimeangalia magharibi na mama akiwa amejifunika kaniki na kuangalia mashariki. Majirani waliokuja kuaga walikuwa wamekaa chini kwa kicheko.

Tulipita salama maili za kwanza. Halafu gurudumu likaingia shimoni, na nyuma yangu nikasikia sauti, ya chini, wala haikuwa ya hasira.

"Pikipiki, hilo shimo hukuliona?"

Nilifikiri jinsi ya kujibu bila kumjibu. Mwishowe nikasema, "Pikipiki, mwambie mama usamehewe. Mengine utayaona."

"Pikipiki," ikasema sauti, "nitashukuru."

Basi tulikuwa tumempata mtu wa tatu. Siku nzima ile tulizungumza kupitia chombo cha serikali ya Kiingereza kilichopigana vita. Mama aliiuliza pikipiki kama imekula. Aliisifu kwa kupanda mlima na kuipa pole kwa moshi. Aliiuliza kama ni kweli kwamba bwana wake hukoroma, kwa sababu binti yake alimwandikia hivyo katika barua. Nilisema pikipiki haijui. Nilicheka mpaka nikapoteza njia kidogo. Kuhusu kiti alisema mara moja tu, tulipopumzika saa nane: kwamba fundi yule ana mikono ya mwanamke, na kwamba fundi akiambiwa hivyo asikasirike.

Usiku tulilala kwa jamaa za baba mkwe, yeye kwa wanawake, mimi kwa wanaume. Asubuhi tukaondoka mapema. Mawingu yalikuwa yamejaa kuelekea ziwa. Mama hakuichokoza pikipiki sana siku hiyo. Aliiuliza mara mbili tu kama leo tutafika, na nilisikia kwenye sauti kwamba hakuwa akiuliza kwa mzaha.

Kabla ya adhuhuri tulifika kwenye kijito kilichofurika. Nilisukuma pikipiki, yeye akavuka kwa miguu upande wa juu, mzigo wake kichwani. Ng'ambo nikasimamisha pikipiki na kugeuza uso mbele kama inavyotakiwa. Nilijua ameingia vichakani kukamua kaniki yake. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Nikasikia kikombe kikigonga madigadi, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikapiga kiki, nikaondoka.

Sina wa kumlaumu. Kikombe kilipigwa na upepo, lakini mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Na kiti kilikuwa kimetengenezwa vizuri mno. Ile keria ya zamani ingeniambia mara moja, maana mtu akiwa juu yake kila jiwe lilipita kwake likaja kwangu. Springi za fundi zilikuwa zimekwisha kututenga kabisa. Nilikwenda. Niliona daraja bovu, nikasema, "Pikipiki, mwambie mama ashike bomba." Kimya. Baadaye nikasema, "Pikipiki, mwambie mama mbele naona duka, tutapata chai." Kimya. Nilifikiri amekasirika kwa sababu ya kijito. Kisha nikafikiri amelala, na nikaona fahari juu ya kiti chetu.

Pale dukani palikuwa na wachimbaji wanne wa dhahabu wakikinga mvua barazani, watu wa makabila mbalimbali, wamejaa udongo mwekundu. Nikasimama. Wote wakaangalia kile kiti. Mmoja akauliza kiti kizuri namna ile mwenyewe yuko wapi.

Hapa naandika ukweli ingawa watoto wangu watasoma. Sikugeuka. Nilifikiri, huenda yupo, na mimi nikigeuka nitamtazama uso kwa uso mbele za watu. Nikawauliza wale wachimbaji, nikiwa nimeshika usukani na kuangalia ukuta wa duka, "Ndugu zangu, nyuma yangu kuna mtu?"

Wakatazamana. Mmoja alitoka barazani mvuani, akazunguka pikipiki, akabonyeza kiti kwa kidole, akainama akachungulia chini yake.

"Hayupo, kaka," alisema. "Labda amezama kwenye sufi."

Sikungoja wamalize kucheka. Nilirudi njia ile ile kwa mwendo ambao sitausema kwa sababu pikipiki haikuwa yangu. Mvua ilikuwa imekuja kweli. Nilikuwa nikifikiri jinsi nitakavyofika kambini na kiti kitupu, na mke wangu amekaa mlangoni. Sijui niliomba nini.

Nilimwona kwa mbali akija katikati ya barabara, mzigo kichwani, anatembea kuelekea Geita kama mtu aliyepanga hivyo tangu mwanzo. Nikainamisha macho. Nikaigeuza pikipiki, nikampa mgongo, nikangoja. Ule ulikuwa muda mrefu. Nilisikia visigino vikipiga maji, vikakaribia, vikasimama karibu nami. Nikasema, "Pikipiki, mwambie mama..."

"Acha pikipiki ipumzike," alisema. "Nakusemesha wewe, baba. Nimezaa saba, nimezika wanne. Huyu wa Geita nilimkosa mara ya kwanza kwa sababu ya desturi ya kuja nyumbani. Sitamkosa tena kwa sababu ya desturi ya kutokugeuka. Heshima itatungoja huko huko. Twende."

Akaketi. Akaweka mkono wake wa kulia begani kwangu, wazi, kama anavyoshika mtu yeyote. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nikapiga kiki, na kabla sijaondoka alinikanda bega mara moja, maana yake, nipo.

Saa zile zilizobaki alizungumza nami moja kwa moja, mdomo karibu na sikio langu kwa sababu ya upepo. Aliniambia mke wangu alipokuwa mdogo aliogopa ngurumo na alikuwa akiingia ndani ya ghala la mtama na kujifungia. Aliniambia nisimcheke nikimwona anajificha. Nilikuwa nimekwisha kumcheka, nikamwambia hivyo. Akasema alijua, barua ilisema. Aliniuliza mama yangu mzazi alikufa kwa ugonjwa gani, nikamweleza, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza. Baadaye akasema kwamba kiti ni kizuri lakini kinamweka mtu mbali kama yuko nyumba nyingine.

Kabla ya kambi, mahali barabara inapopinda na mabati ya mgodi kuanza kuonekana, alinigonga begani mara moja. Nikasimama. Akashuka, akapanga kaniki yake, akaweka mzigo kichwani. Alisema watu wasituone hivi, watamsumbua binti yake kwa maneno. Nikasema ndiyo, mama. Nilingoja mpaka visigino vilipofika mbali ndipo nikafuata, na nilipoingia kambini wenzangu walisikitika sana kunikuta na kiti kitupu. Waliniambia nimewanyima sherehe.

Siku mbili baadaye, alfajiri, uchungu ulianza. Mkunga alikuja. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba kwenye kuni, ndiko wanakokaa wanaume wasio na kazi. Kulikuwa na ngurumo za mbali, na nilisikia sauti ya mama mkwe ndani ikisema polepole, bila kukoma, maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Mke wangu alilia mara nyingi. Halafu wote wawili wakanyamaza, na mimi nikasimama. Mkunga akasema jambo kwa ukali. Nikahesabu kuni zilizokuwa miguuni pangu, nikazihesabu tena.

Mtoto akalia.

Nikaenda mlangoni lakini sikuingia. Ndani kulikuwa na maji yanamiminwa na watu wanakwenda huku na huko. Baada ya kitambo mlango ulifunguliwa kiasi cha upana wa mtu mmoja. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya ubao wa mlango, amejificha, na alinyoosha mikono nje akiwa na mtoto ndani ya kitambaa cheupe. Nikageuza uso pembeni, nikampokea. Alikuwa mvulana. Alikuwa na joto. Nilimshika mpaka akaanza kulia tena, nikamrudisha, na mlango ukafungwa.